Mchoro Chini ya Godoro

Jumatatu, 3 Juni 2024

Nimefika. Jina la kitongoji siliandiki hata humu ndani, kanuni za mradi zinakataza, na mimi ni mtu wa kanuni. Kwenye fomu kinaitwa K3, basi na humu kitaitwa K3. Kiko upande wa Kyerwa, mwendo wa saa mbili na nusu kwa bodaboda kutoka Kayanga, na vumbi nililokula leo linatosha kuotesha maharage.

Kazi ni wiki nne, watoto sitini, wa miaka tisa hadi kumi na minne. Februari mwaka huu nyumba tisa za ukingoni mwa bonde zilichomwa moto na watu wanne wakauawa kwa mapanga. Wanaotajwa ni wafugaji wa ng'ambo ya bonde, ingawa hakuna aliyekamatwa. Sisi hatupelelezi. Tunapima hali ya watoto waliobaki: wanalalaje, wanakula nini, wanaogopa nini. Dokta Winston, msimamizi wetu aliyebaki Kayanga, amenipa mimi K3 kwa sababu, kwa maneno yake, "Deodatha, watoto hukufungukia." Ni kweli, hunifungukia. Kazi hii nina mwaka wa sita.

Nyumba ya wageni hakuna. Nimepewa chumba kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Aristides, kama tufanyavyo siku zote vijijini: kwake heshima, kwetu usalama. Ni mtu wa miaka hamsini na ushei, nadhifu, sauti ya chini, mzee wa kanisa, Mlutheri kama sisi wa Muleba. Mkewe alileta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, nikatafuna, nikawa mgeni rasmi. Mwenyekiti akaniazima na gambuti zake za kijani kwa ajili ya matope ya bondeni. Ni kubwa kidogo, nimejaza magazeti. Najiona niko nyumbani.

Jumanne, 4 Juni

Watoto saba. Mgongo unauma.

Alhamisi, 6 Juni

Utaratibu ni huu: mtoto anaonyeshwa nyuso tano kwenye kishikwambi, ya kwanza inalia, ya tano inacheka. Namuuliza, ulijisikiaje ulipokwenda kulala? Anagusa ya tano. Na ulipokwenda kuteka maji? Ya tano. Mtoto aliyechomewa nyumba naye ya tano. Nimemwandikia Dokta Winston kwamba watoto wa K3 wana ustahimilivu wa ajabu.

Leo nimefukuzwa. Nilikwenda kwa Bibi Auleria, ambaye nyumba yake ni ya mwisho kabla ya bonde. Kando ya nyumba, chini ya migomba, kuna makaburi matatu: la mumewe, la zamani, na mawili ambayo udongo wake bado mwekundu, mwanawe na mkwe wake, wa Februari. Amebaki na mjukuu wa kike wa miaka kumi na mmoja. Kwenye orodha yangu ni namba 031.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Unatokea kwa nani?" Saa nne asubuhi, na ananuka rubisi, pombe ya ndizi.

"Kwa mwenyekiti, bibi. Nimekuja kuongea na mtoto, dakika ishirini tu."

Alinitazama kuanzia miguuni. Akachukua fimbo ya kupigia maharage, akamgeukia mtoto, si mimi, akamcharaza mapajani mara tatu, kwa nguvu zake zote. "Ingia ndani. Wewe huna maneno." Mtoto hakulia, aliingia. Kisha bibi akaniinulia mimi hiyo fimbo. Nilikimbia na magambuti yale makubwa mpaka barabarani, na Gideon, bodaboda wangu, alicheka mpaka akakaa chini. Gideon ni mtu mzima wa miaka arobaini, kiongozi wa kwaya, ana utani mwingi. Aliniambia, "Dada Deo, bibi yule pombe imeshamkaanga ubongo. Muache."

Kwenye fomu nimeandika: mlezi mlevi na mkatili, mtoto yuko hatarini nyumbani kwake. Nina hasira mpaka sasa.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani. Mwenyekiti aliongoza sala ya kuwaombea yatima wa Februari, akatokwa machozi mbele ya watu. Nami nikalia, machozi yangu yako karibu.

Jumatano, 12 Juni

Kahawa imeiva kwa wingi, na watu wana visirani. Leo vijana wawili wamegombania turubai la kuanikia, mmoja akamkata mwenzake sikio kwa muhoro, lile panga lililopinda la kupunguzia migomba. Sikio lilibaki likining'inia kwa ngozi. Mwenyekiti akaitwa. Hakupaza sauti. Gideon na wengine watatu wakamlaza aliyekata kifudifudi juu ya magunia, akachapwa fimbo thelathini, na kufika ya ishirini suruali ilikuwa imeanza kulowa damu. Baada ya hapo mwenyekiti akamwinua, akamshika mkono, akamwambia akamwombe mwenzake radhi.

Watoto walikuwepo, kama kumi hivi. Hakuna aliyekimbia wala aliyeziba macho. Msichana mmoja aliendelea kugeuza kahawa kwa miguu, mbele na nyuma, kama vile hakuna kitu. Iliniuma kidogo kuona, lakini niseme ukweli, angalau K3 kuna mtu wa kusimamia sheria.

Jumamosi, 15 Juni

Dokta Winston amepiga simu. "Deodatha, unapika data?"

Nikamwambia mimi ni mtu wa kanuni.

"Watoto arobaini na mmoja," akasema, "na wote wanacheka. Wazazi wamekatwakatwa, nyumba zimekuwa majivu, na wote wanacheka. Mwanangu mimi hapa anakula mayai kila asubuhi na bado kuna siku anachagua uso wa kwanza."

Nilipokata simu nilirusha gambuti ukutani. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa sahihi. Watoto hawa hawanifungukii. Wananijibu kama wanavyomjibu mwalimu mwenye kiboko. Nimekubaliana naye tubadilishe njia: karatasi na penseli za rangi, mtoto achore mahali anapoogopa. Bila jina, namba tu.

Jumanne, 18 Juni

Shule imefungwa kwa likizo, nimeazimwa darasa. Asubuhi nzima nimepata bendera, maua, ng'ombe, gari la abiria. Mtoto mmoja alichora chui, na K3 haijaona chui tangu bibi yangu azaliwe.

Saa nane mchana nikiwa nakusanya penseli akaingia 031 na ndoo kichwani. Alikuwa ametumwa maji. Miguu ina alama za fimbo, mpya na za zamani.

"Bibi anajua uko hapa?"

"Hajui."

"Jina lako nani?"

"Si ulisema sisi ni namba?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akasema anaitwa Vero, akakaa, akachora saa nzima bila kuinua kichwa. Nyumba ina moto. Mwanamume ameanguka mlangoni, mwanamke amelala juu yake. Makaburi matatu chini ya migomba, kila moja na msalaba, la babu na msalaba mkubwa. Halafu nyumba za jirani, nyingi, na milango yote akaipaka nyeusi, akibonyeza penseli mpaka ikavunjika.

"Hizi ni nini?"

"Majirani. Baba alipiga yowe. Walifunga."

Nimezaliwa Muleba, najua maana yake. Kwetu sisi yowe likipigwa hakuna anayebaki ndani, hata mgonjwa anajikokota. Asiyeitikia anahesabiwa kuwa mwenzao na mwuaji. Nikamuuliza watu wangapi walikuja. Akachora watano. Mmoja ameshika dumu. Mmoja ni mkubwa kuliko wengine, amesimama mbele na panga, na uso wake akauchora kisha akaukatakata kwa kalamu nyekundu.

"Ni wafugaji?"

Akatikisa kichwa, hapana.

"Huyu mkubwa unamjua?"

Aliinamisha macho akawa anatazama miguu yangu, kwa muda mrefu, nikafikiri ni aibu ya watoto. Kisha akauliza, "Hutamwambia mtu?"

"Sitamwambia mtu. Naapa."

Nimeandika 031 pembeni ya karatasi, nimeitia kwenye bahasha ya kaki pamoja na zile za bendera na maua, na nimeiweka chini ya godoro langu. Hii ndiyo data niliyokuwa naitafuta, na sioni furaha yoyote. Kama si wafugaji, basi ni watu wa humu humu.

Alhamisi, 20 Juni

Mvua kubwa isiyo ya msimu wake. Kahawa ya watu imelowa yote, na wanaume wanapiga wake zao. Nimesikia nyumba tatu.

Ijumaa, 21 Juni

Mezani mwenyekiti aliniuliza, akiwa anamenya ndizi, "Mwalimu, hawa watoto wetu wanachora nini?"

"Bendera, mzee. Na chui mmoja."

Tukacheka wote. Akaniongezea maharage kwa mkono wake.

Jumapili, 23 Juni

Nimejiua mwenyewe. Hapana, afadhali ningekuwa mimi.

Asubuhi kabla ya ibada zilivuma habari kwamba kibanja cha Bibi Auleria, shamba lake la migomba, kimefyekwa. Nikaenda mbio. Migomba yote imelala chini, mikubwa, michanga, yenye mikungu, yote, imekatwa kwa muhoro usawa wa goti, utomvu bado unatiririka. Huku kwetu kumkatia mtu migomba ni kumwambia jiandae kufa. Na makaburi mawili, yale mapya, misalaba imeng'olewa ikapangwa mlangoni. Watu walikuwa wamesimama barabarani wakitazama. Hakuna aliyeingia kumpa pole.

Nikamkuta bibi amekaa kizingitini. Hakuwa amelewa.

"Mtoto kaniambia. Karatasi yake iko wapi?" akaniuliza.

"Nimeificha, bibi. Haina jina. Ina namba tu."

"Alichora makaburi?"

"Alichora."

"Mangapi?"

Ndipo nikajiuliza: Wewe mtoto wa Muleba, uliyezaliwa kwenye kibanja, ulisahau vipi? Sisi huzika nyumbani. Kila mtu hapa anajua kwa nani kuna makaburi mangapi na la nani lina msalaba gani. Ukichora makaburi umeandika jina la ukoo, mahali unapolala na mlango unaofunguka. Nikaweka namba pembeni nikajiona nimeficha siri.

"Unalala kwa nani?" bibi akauliza tena, kama siku ile ya kwanza.

Nilitazama miguu yangu. Gambuti za kijani.

"Ulikuja hapa umevaa viatu vyake," akasema. "Viatu alivyovaa akija kumkata mwanangu. Aliwaambia watu wa ukingoni wahame ili bonde lote liwe lake, mwanangu akakataa, akawasimamia na wengine wakatae. Watoto wote wa hapa walikuona unatoka mlangoni kwake kila asubuhi. Wakuambie nini? Huyu wa kwangu nilikuwa nampiga ili aogope kusema. Nampiga ili aishi, mwanangu. Nakunywa ili niweze kumpiga."

Nikarudi kwa mwenyekiti nikijifanya naumwa kichwa. Bahasha ilikuwepo chini ya godoro. Mimi niliweka mchoro wa Vero katikati, sasa ulikuwa juu, na pembeni una doa la kidole lenye rangi ya kahawa mbichi. Mchawi mpe mwana akulelee, wanasema. Mimi nilimpa na karatasi.

Nikafungasha, bahasha nikaitia mkobani. Mwenyekiti akasimama mlangoni akitabasamu. "Mgeni wangu ananikimbia?" Nikamwambia bibi yule ni mpweke, nitakaa naye siku mbili tatu. Gambuti nikaziacha uani.

Jumatatu, 24 Juni

Niko kwa Bibi Auleria. Asubuhi nilipanda kilimani penye mtandao. Afisa ustawi wa wilaya amesema Jumatano gari litapatikana, watakuja kumchukua mtoto. Kumbeba mwenyewe kwenye pikipiki siwezi: mgeni anayeondoka na mtoto wa watu bila barua ya mwenyekiti atasimamishwa njia panda ya kwanza kama mwizi wa watoto, na watu watamchoma moto. Barua anaandika Aristides.

Nikampigia Dokta Winston, nikamweleza kila kitu, hata godoro. Akanijibu, "Toka hapo urudi Kayanga. Wewe si polisi." Nikamwambia sitoki bila mtoto. Akasema, "Basi nitawasiliana na uongozi wa hapo, tufuate utaratibu." Mtandao ukakata kabla sijamwambia uongozi wa hapa ni nani. Si kweli. Nilishamwambia. Hakusikia, au alisikia.

Nimemwomba Vero msamaha. Alikuwa anamenya ndizi, akaendelea kumenya.

Alhamisi, 27 Juni. Kayanga

Naandika ya Jumanne. Jana nilijaribu nikatapika.

Jumanne ilikuwa siku ya kupokea kahawa kwenye chama cha msingi cha ushirika. Watu wote walikuwa huko tangu alfajiri na magunia yao, kitongoji kimebaki na kuku tu. Bibi Auleria aliliona hilo kabla yangu. Nyuma ya nyumba kuna shimo la kuivishia ndizi za pombe, kina chake kifuani. Akamshusha Vero humo, akamfunika kwa majani makavu ya migomba, akapanga mikungu juu. "Usitoke mpaka nikuite kwa jina la mama yako," alimwambia. Kisha akachukua muhoro wake akakaa kizingitini.

Saa tatu wakaja. Aristides na wanaume wawili wa umri wake ambao nimewahoji watoto wao. Alikuwa amevaa shati la kanisani.

"Hodi, mama. Dokta wa mradi amenipigia simu, niandae mtoto, atachukuliwa na ustawi. Nimekuja kumpokea."

Winston alimpigia. Utaratibu ulifuatwa.

"Mtoto kaenda Kanoni kwa shangazi yake," bibi akasema.

"Usinichoshe, mama."

"Hapo uliposimama ndipo ulipomkata mwanangu. Sogea kidogo, nimepafagia."

Akamkata. Sikuona panga likitoka, niliona tu mkono wa bibi ulioshika muhoro ukidondoka na muhoro wenyewe. Hakupiga kelele. Alijisukuma mbele kwa kifua akaziba mlango, na Aristides akampiga tena shingoni, na tena, kwa utulivu ule ule anaomenyea ndizi. Wale wawili walinipita wakaingia kwa mlango wa nyuma wakaanza kupindua vitanda.

Mimi nilikuwa jikoni, nje. Kulikuwa na kinu na mchi. Sikuwahi kumpiga mtu mzima maishani mwangu. Nilishika mchi kwa mikono miwili nikampiga Aristides gotini, likalia, akaanguka juu ya bibi, nikampiga mgongoni, nikampiga mkono wenye panga mpaka vidole vikaachia, na nilikuwa nataka kumpiga kichwa. Niliuinua kwa ajili ya kichwa. Ndipo nikasikia mtu anapiga yowe, kali, la kukata pumzi, na nikachukua muda kujua ni mimi.

Wakaja. Februari hawakuja, lakini hili lilikuwa yowe la mgeni wa serikali, na mgeni akifa gari la polisi halikosi kuja. Walitoka chama cha msingi mbio, mia moja au zaidi, na fimbo na majembe. Wale wawili walishatoka ndani, walipofika watu wakawa wamesimama katikati yao kama na wao wamekuja kuokoa.

Nikasema, "Mshikeni, mfungeni kamba, polisi waje." Nilisema mara nyingi. Aristides alikuwa amekaa chini ameshika goti. Akainua uso akawatazama watu mmoja mmoja, akasema kwa sauti yake ile ya chini, "Gideon. Na wewe umekuja kunitazama?"

Gideon akampiga jiwe la mdomo.

Ndivyo ilivyoanza. Gideon jiwe la kwanza, wale wawili la pili na la tatu, halafu wote. Walimpiga sana mdomoni, hilo nililiona, kwenye mdomo na taya, hata baada ya kunyamaza. Mtu akaleta mafuta ya taa. Wanawake walikuwa wanapiga vigelegele. Nililala juu ya Bibi Auleria asikanyagwe. Alikuwa ameshakufa muda mrefu.

Nilipoinuka, Vero alikuwa amesimama kando ya shimo, majani kwenye nywele, anatazama. Jina la mama yake sikulijua, nisingeweza kumwita wala kumzuia. Akanifuata akasimama karibu yangu, akasema bila kunyoosha kidole, kwa sauti ambayo ni mimi tu niliyeisikia, "Mwenye dumu ni Gideon. Na wale wawili. Na baba yake Cleophace. Wote wapo."

Mama Cleophace, mke wa huyo wa mwisho, alikuwa anampepea Vero kwa kanga, akimwambia pole mwanangu, yameisha.

Ijumaa, 28 Juni

Bibi alizikwa Jumatano, siku iliyofuata, kaburi la nne. Gari la ustawi lilimleta Vero hapa Kayanga kwa masista. Hatuli, yeye na mimi.

Jumatatu, 1 Julai

Redioni wamesema mwenyekiti wa kitongoji ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Hakuna aliyetajwa.

Jumatano, 3 Julai

Winston ameniita ofisini. Amekonda, na alinifungulia mlango mwenyewe. Mezani kulikuwa na fomu ya taarifa ya tukio, ameshaijaza. Swali la sita: je, shughuli za mradi zimechangia madhara kwa mshiriki? Ameandika hapana.

"Mgogoro ulikuwepo kabla yetu," akasema. "Mwuaji amekufa. Mtoto yuko salama. Wewe saini tu."

"Mwuaji mmoja. Wako wanne wengine, na wanajua aliona."

"Kwa mchoro wa mtoto? Ule ni mali ya utafiti, Deodatha. Tuliwaahidi siri. Tukiutoa, hakuna kijiji kitakachotupokea tena. Na polisi watauliza ulifikaje mikononi mwa Aristides. Umelifikiria hilo? Ni kazi yako. Huenda ni jela."

Nilikuwa nimelifikiria. Kwa siku nane sikufikiria kingine. Niliondoka bila kusaini, lakini nisijisifu, maana na mchoro niliuacha mkobani. Huku nje Gideon anaendelea kubeba abiria, na jana alinitumia ujumbe: *Dada Deo pole na safari, mtoto hajambo? Yuko kwa masista wapi?*

Ijumaa, 5 Julai

Nimekwenda kwa Vero asubuhi. Alikuwa anachambua mchele na masista. Tukakaa nje ukutani. Nikamwambia ukweli wote, sikupunguza: kwamba mchoro nikiupeleka polisi, Gideon na wenzake wanaweza kukamatwa, kwamba nisipoupeleka, yeye atakuwa anajificha mpaka akue, kwamba mimi niliapa sitamwambia mtu, kwa hiyo nimekuja kumwomba ruhusa.

Akafikiri. "Bibi ulimwomba ruhusa?"

"Hapana."

"Na mimi, siku ile ulipouweka kwa mwenyekiti?"

"Hapana."

Nilitaka kulia nikajizuia, maana machozi yangu yangekuwa mzigo mwingine wa yeye kubeba. Akakwangua ukuta kwa kidole, kisha akauliza kama atalazimika kusimama mbele ya Gideon. Nikamwambia sijui, sitamdanganya tena.

"Peleka," akasema. "Lakini uwaambie na wewe."

"Niwaambie nini?"

"Ulichofanya. Usiseme mimi tu."

Kwenye dawati la watoto pale polisi kuna askari mwanamke, mtu mzima, mpole. Nilimwekea mchoro mezani, nikamtajia majina manne na nikamsomea ujumbe wa Gideon. Aliandika taratibu. Alipofika kwenye doa la kahawa pembeni akainua kichwa.

"Huu mchoro siku zote hizi ulikuwa wapi?"

"Chini ya godoro, nyumbani kwa Aristides. Niliuweka mimi. Aliusoma akajua ni mtoto wa nani, ndiyo maana akaja kuua."

Kalamu yake ikasimama. Akaniambia kwa upole, dada, hilo si lazima liingie, maana nikiliandika litakurudia wewe mwenyewe.

Nikamwambia aandike.